Uzi: Chakula cha Kisuriname Uholanzi kwa mfuko mwembamba: kipi ununue, kipi upike mwenyewe

#1 MchuziMzito

Wakuu, salaam. Kila Septemba wanafunzi wapya wakiingia Uholanzi swali ni lilelile: tule nini cha bei nafuu chenye ladha? Jibu ni duka la Kisuriname (Suriname ni nchi ya Amerika Kusini iliyokuwa koloni la Uholanzi). Kuna mchuzi, pilipili, muhogo, mchicha, ndizi za kupika na samaki mkavu. Tatizo ni kwamba wengi wananunua sahani ya roti (ndugu wa chapati) ya euro 12 mara tatu kwa wiki, kisha wanalalamika kuwa Msuriname ni ghali.

Kanuni ya uzi huu ni moja: nunua kinachokula mikono, pika kinachokula muda. Kusukuma roti yenye dengu ndani, kukuna pomtajer (mzizi wa jamii ya gimbi), kukaanga bara (maandazi ya chumvi ya unga wa urdi), zote ni kazi za mikono, na ukijumlisha gesi, mafuta na nusu siku yako huwezi kumshinda mwenye toko, yaani duka la vyakula. Mchuzi wa kuku, maharage na supu havitaki ufundi mkubwa. Vinataka sufuria na saa moja, na hapo ndipo hela inapobaki mfukoni.

Kwa atakayenunua, ajue haya. Broodje ni mkate laini mweupe uliojazwa. Maduka mengi ya Amsterdam na Rotterdam huuza kati ya euro 4 na 6. Chagua wenye kitoweo cha mchuzi (kip kerrie, yaani kuku wa mchuzi; pom, yaani pomtajer na kuku wa oveni; bakkeljauw, yaani samaki wa chumvi) kwa sababu mkate unakunywa mchuzi na unashibisha. Sahani ya "roti kip" ina roti moja, kuku, viazi, kousenband (maharage marefu ya kijani) na mara nyingi yai. Mchuzi huwa mwingi kuliko roti. Omba "een losse roti erbij", yaani roti tupu ya ziada, na sahani ile inatosha watu wawili wasio na njaa ya mkulima.

Ukiulizwa "Peper erbij?" (na pilipili?) jibu "apart, graag" (pembeni, tafadhali). Pilipili yao si mchezo, na ikishachanganywa haitoki.

#2 Binti_Makorora

Uzi umekuja wakati wake. Swali kabla hatujaenda mbali: halali ikoje? Maana kwenye ubao naona nyama kadha wa kadha na majina hayaelezi kitu.

#3 Mpemba wa Zuid

Dada Binti, shika haya. Wahindi wa Suriname wamo Wahindu na wamo Waislamu, na Wajava wa Suriname wengi wao ni Waislamu, kwa hiyo maduka ya halali ni mengi. Lakini usikisie kwa sura ya duka. Tazama alama dirishani au uliza "Is alles halal?" (kila kitu ni halali?), si "Is de kip halal?" (kuku ni halali?), maana kuku anaweza kuwa halali na karai likawa moja na la nguruwe.

Vya kuangalia zaidi: moksi meti ni mchanganyiko wa nyama za kubanika za mtindo wa Kichina, na nguruwe huwamo mara nyingi. Zoutvlees kwa kawaida ni ng'ombe wa chumvi, lakini ipo pia ya nguruwe, na huingizwa kwenye maharage, kwenye pom na kwenye moksi alesi (wali wa mchanganyiko) bila kutajwa. Asiyekula ng'ombe naye aulize hapohapo.

Wasiokula nyama kabisa wana bahati: roti yenye viazi, kousenband na yai, broodje tempeh (soya iliyochachushwa), bara, bakabana (ndizi mbivu za kukaanga), petjil (mboga za kuchemsha na mchuzi wa karanga). Kwenye petjil uliza kama mchuzi wa karanga umetiwa trassi, ambayo ni kamba waliochachushwa.

#4 Kalamu ya Jikoni

Nyongeza fupi ya kwa nini ubao mmoja una roti, nasi na pom kwa pamoja, kwa sababu ukielewa hili utajua duka gani linajua nini.

Utumwa Suriname ulifutwa 1 Julai 1863, lakini waliokuwa watumwa wakalazimishwa kubaki mashambani miaka kumi zaidi. Mwaka 1873 meli Lalla Rookh ikaleta vibarua wa kwanza wa mkataba kutoka India, na kuanzia 1890 wakaletwa Wajava. Wachina walishaanza kufika tangu 1853. Uhuru ulipokuja, 25 Novemba 1975, watu wengi sana walihamia Uholanzi na majiko yao yakahama nao.

Kwa hiyo: roti, bara, masala na dhal ni upande wa Wahindi. Nasi (wali wa kukaanga), bami (tambi za kukaanga), saoto (supu ya kuku), petjil na dawet (kinywaji cha nazi) ni Wajava. Pom, heri heri, maharage, supu ya karanga na tomtom (ndizi za kupika zilizopondwa, ndugu wa fufu) ni Wakreoli, wazao wa watumwa. Duka lenye mchanganyiko wote si baya, ila ukiona mbao mbili tu za vyakula na foleni ndefu, agiza kile wanachokiuza zaidi.

Jambo linalowachanganya watu wa Mombasa na Unguja: "mbona mchuzi wao si kama wetu?" Wahindi waliofika kwetu wengi walitoka Gujarat na Punjab. Waliokwenda Suriname wengi walitoka maeneo ya Kibhojpuri, Uttar Pradesh na Bihar. Masala yao imekaangwa ikawa ya kahawia, ina uwatu, haina nazi, na mchuzi hauwekwi nyanya nyingi. Ukitumia bizari ya mchuzi ya nyumbani utapata mchuzi mtamu, lakini hautakuwa wa Kisuriname.

#5 MchuziMzito

Safi mkuu Kalamu. Sasa mchuzi wenyewe, kipimo cha watu wanne:

Kuku kilo 1, mapaja au miguu yenye mfupa. Usichukue kidari, kinakauka na ni ghali. Viazi gramu 600 vya aina isiyovurugika, pale dukani huandikwa "vastkokend". Kitunguu kikubwa 1, vitunguu saumu punje 4, nyanya 1, masala ya Kisuriname vijiko vya chakula 3, kidonge 1 cha mchuzi, mafuta vijiko 4, Madame Jeanette (pilipili kali sana) 1 nzima, majani ya selderij (seleri).

Anza na masala. Ikoroge kwenye kikombe na maji vijiko 4 au 5 mpaka iwe uji mzito. Kaanga kitunguu kilainike, tia saumu, kisha mimina ule uji wa masala. Moto wa kati, koroga dakika 2 hadi 3 mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni. Hapo ndipo masala imeiva. Tia kuku, mgeuze apakae kila upande, funika dakika 10 bila maji. Kuku atatoa maji yake mwenyewe. Yakikaribia kukauka tia nyanya, kidonge, na maji mililita 400 hivi. Baada ya dakika 10 tia viazi vilivyokatwa vipande vikubwa, weka Madame Jeanette juu ikiwa nzima na kikonyo chake. Funika dakika 25. Mwishoni viponde viazi viwili au vitatu kwa mwiko, mchuzi unashikana bila unga. Toa pilipili kabla ya kukoroga kwa nguvu.

Gharama kwa bei za sasa, takriban: kuku euro 5 kwenye bucha la Kiislamu, viazi na viungo euro 2, kousenband euro 2 na nusu, mayai euro 1, roti nne za kununua euro 5 au 6. Haifiki euro 17 kwa watu wanne. Linganisha na sahani nne.

#6 kijana_wa_Delft

Mchuzi ukitoka mchungu kosa liko wapi? Na ukitoka na ladha ya unga mbichi?

#7 MchuziMzito

Mdogo wangu, hayo ni makosa mawili tofauti.

Mchungu: masala ilitiwa kavu kwenye mafuta ya moto ikaungua. Uwatu ndio unaoungua kwanza na uchungu wake hauondoki kwa sukari wala kwa maziwa. Mwaga, anza upya, hasara ni ndogo kabla kuku hajaingia. Ndiyo maana ya kuikoroga na maji kwanza.

Ladha ya unga mbichi: ulitia maji mengi kabla mafuta hayajajitenga. Hili linaweza kuokolewa. Chota masala nyingine nusu kijiko, ikaange pembeni kwenye mafuta hadi itoe harufu, rudisha sufuriani, acha wazi dakika 10 moto mdogo.

La tatu hukuuliza lakini litakuja: pilipili kupasuka. Ikipasuka mapema chakula chote kinawaka. Ichague ngumu isiyo na ufa, na isiguswe na mwiko.

#8 Fundi Kibao

Upande wa roti. Kanuni ya kununua naikubali nusu. Kwa mtu mmoja nunua. Ukiwa na wageni kumi, sukuma, maana roti kumi na tano za duka zinakula hela. Anayejua kupika chapati tayari yuko njiani.

Kwa roti 8: unga wa ngano gramu 500, baking powder kijiko cha chai 1 (au tumia unga ule wa "zelfrijzend", unaojiumua wenyewe, basi usitie baking powder tena), chumvi kijiko cha chai 1, mafuta vijiko 2, maji ya uvuguvugu mililita 270 hadi 300. Unga uwe laini kuliko wa chapati. Ukande dakika 8, ufunike kitambaa chenye unyevu nusu saa.

Ndani: dengu za njano zilizopasuliwa (gele spliterwten) gramu 200. Chemsha dakika 25 hadi 30 na saumu na manjano kidogo. Kipimo: punje ivunjike kati ya vidole viwili lakini isiwe uji. Zichuje, zitandaze kwenye trei zipoe na zikauke kabisa, kisha saga zikiwa kavu pamoja na binzari nyembamba uliyoikaanga na chumvi. Unapata kitu kama mchanga mlaini.

Gawa madonge 8, tengeneza kikombe, tia dengu vijiko 2, funga, geuza sehemu iliyofungwa iangalie chini. Pumzisha dakika 15. Sukuma taratibu kuanzia katikati. Tawa iwe ya moto sana, dakika moja upande wa kwanza, geuza, paka mafuta, geuza. Ukitoa tu, ifunike taulo. Roti iliyoachwa wazi dakika tano inakuwa gamba.

Inachanika kwa sababu tatu: dengu zina maji, unga ni mgumu, au hukuupumzisha mara ya pili. Tisa kati ya kumi ni dengu zenye maji.

Za kununua: zikipoa usizitie kwenye maikrowevu bila kitambaa. Zifunge kwa kitambaa chenye unyevu, sekunde 30, basi. Kwenye friza zinakaa mwezi zikitenganishwa kwa karatasi.

#9 Binti_Makorora

Ahsante kaka Fundi. Mimi nitoe upande wa soko, maana mboga ndizo nilizozifuatilia.

Majina yanatisha, mboga ni zetu. Klaroen ni mchicha. Kousenband ni jamii moja na kunde, ila maganda yake ni marefu kama mkanda na huliwa mabichi kabla punje hazijakomaa. Antroewa ni ndugu wa nyanya chungu, pika kama ngogwe. Dagoeblad ni ndugu wa matembele anayeota majini. Sopropo ni karela: paka chumvi, acha dakika 20, kamua. Tajerblad ni majani ya jamii ya magimbi, yapikwe yaive kabisa, si ya kutia kwenye mchuzi dakika za mwisho, yatawasha koo.

Haagse Markt ya Den Haag iko Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Rotterdam kuna Afrikaanderplein, Jumatano na Jumamosi, na maduka ya West-Kruiskade siku nyingine. Amsterdam ni Dappermarkt, Albert Cuyp, na upande wa Bijlmer. Wakikaribia kufunga wanauza bakuli zima kwa bei ya kutupa. Lakini saa hiyo usichukue kousenband, hukuta zile za kunyauka. Ivunje moja: ikilia "tak" ni mbichi, ikipinda iache. Madame Jeanette na ndizi mbivu zenye madoa meusi ndizo za kuchukua jioni, pilipili unaigandisha na ndizi inakuwa bakabana.

Kupika kousenband: gramu 500, kata vipande vya sentimita 4, kaanga kitunguu, saumu, nyanya 1, nusu kidonge, tia maharage na maji vijiko 3, funika dakika 10 hadi 12. Ibaki na rangi ya kijani. Ikiwa ya kahawia umepitiliza.

#10 Mpemba wa Zuid

Pom bado. Wasuriname hawaoni siku ya kuzaliwa kama imekamilika bila pom, na duka likiuza kipande kidogo kwa bei kubwa ni haki yake. Ila hii ndiyo ya kutengeneza trei nzima na kugandisha.

Pomtajer ni mzizi wa jamii ya gimbi. Usihangaike kuukuna. Nunua ule uliokunwa, unauzwa umegandishwa kwa pakiti ya kilo 1. Yeyusha ndani ya friji usiku kucha. Usiuonje mbichi hata kidogo, una chembechembe zinazochoma ulimi na koo, na mwenye ngozi laini avae glavu.

Kuku wa mapaja yasiyo na mfupa gramu 750, vitunguu 2, nyanya 3, nyanya ya kopo kijiko 1, selderij, kungumanga kidogo, kidonge 1, piccalilly (achari ya haradali) vijiko 3, juisi ya machungwa 2 na limau 1, sukari kijiko 1, siagi gramu 100. Kaanga kuku na vitunguu na nyanya kwa nusu ya siagi, tia maji kidogo, pika dakika 20. Chuja mchuzi wake na uuhifadhi, huo ndio roho ya pom. Changanya pomtajer na juisi, piccalilly, sukari na ule mchuzi mpaka iwe kama uji mzito wa kumiminika. Paka trei siagi, nusu ya pomtajer chini, kuku katikati, nusu juu, vipande vya siagi iliyobaki juu kabisa. Oveni nyuzi 190, dakika 75 hadi 90.

Mbichi ni nyeupe, iliyoiva ni ya dhahabu mpaka katikati. Chomeka kisu katikati na ufungue kidogo: ukiona weupe, rudisha. Juu ikiungua kabla ndani haijaiva, funika karatasi ya alumini. Wanaoharakisha kwa nyuzi 220 ndio wanaowashwa koo. Haikatiki vizuri ikiwa ya moto, acha nusu saa. Kesho yake ni tamu zaidi, weka kipande baridi ndani ya mkate na zuurgoed (matango ya siki), tayari una broodje pom ya senti.

#11 Mama Nusura (Köln)

Na sisi tulioko Ujerumani ambako hakuna toko hata moja mtaani?

#12 Kalamu ya Jikoni

Mama shikamoo. Hakuna kinachoshindikana isipokuwa pomtajer, hiyo iagize au ifuate ukivuka mpaka, igandishwe njiani kwa mfuko wa baridi. Vingine: duka la Waghana lina ndizi za kupika, muhogo, nyanya chungu na pilipili mbuzi, ambayo ni jamii moja na Madame Jeanette, tumia ileile. Duka la Wahindi lina unga wa urdi wa bara na dengu za njano. Duka la Wathai lina maharage marefu, mchaichai na galangal (mzizi wa jamii ya tangawizi).

Masala jikaangie: giligilani vijiko 4, binzari nyembamba 2, pilipili manga kijiko cha chai 1, haradali kijiko cha chai 1, karafuu 4, kipande cha mdalasini. Kaanga kavu moto mdogo mpaka rangi ya kahawa ya maziwa, kisha uwatu kijiko cha chai 1 kwa sekunde 30 za mwisho tu. Saga, tia manjano kijiko 1. Usikaange manjano.

#13 Mama Nusura (Köln)

Marahaba mwanangu. Hapo umenipa.

#14 Fundi Kibao

Kwa wiki ya mwisho wa mwezi hasa: bruine bonen (maharage ya kahawia) na wali. Maharage makavu gramu 500, loweka usiku, yanalisha watu sita. Hayana nazi. Ladha inatoka kwenye kitunguu, saumu, nyanya ya kopo, selderij, punje 5 za piment (allspice), na zoutvlees gramu 200 kwa anayekula. Zoutvlees ichemshwe peke yake dakika 20 na maji yamwagwe, la sivyo maharage yanakuwa bahari. Chumvi usitie mpaka mwisho, onja kwanza.

Bakkeljauw vilevile: samaki wa chumvi gramu 250, mara mbili kuchemsha na kumwaga maji, kisha mchambue miiba, mkaange na vitunguu vingi na nyanya. Akiwa bado ana chumvi kali chemsha mara ya tatu, lakini hapo ladha nayo inaanza kuondoka. Pembeni muhogo, ndizi na kiazi kitamu vya kuchemsha, umepata heri heri, chakula cha Keti Koti, siku ya kukumbuka kufutwa kwa utumwa, 1 Julai. Jina halina uhusiano na heri yetu, ila linapendeza mdomoni. Muhogo wa kugandishwa ni nafuu kuliko ule uliopakwa nta, na hauna hasara ya ndani kuoza. Toa ule uzi wa katikati.

#15 kijana_wa_Delft

Saoto je? Ile supu ya bakuli kubwa.

#16 Mpemba wa Zuid

Nunua "soepkip", kuku mkubwa mgumu, si wa kubanika. Maji lita 3, mchaichai mabua 2 yaliyopondwa, laos (ndiyo galangal) vipande 4, majani ya salam (jani la kiungo la Kijava) 3, piment punje 8, saumu 5, chumvi. Moto mdogo saa 2, usifanye itokote kwa fujo, supu haitakuwa angavu. Chuja. Kuku mchambue, mkaange kidogo. Wali, mchipuo wa choroko, yai, na viazi vya nyuzinyuzi vya kukaanga (hivyo nunua pakiti) kila kimoja kwenye bakuli lake. Viazi hutiwa mezani, si sufuriani, vikilowa mapema vinakuwa uji. Supu yenyewe igandishe kwenye vikombe, kila kikombe ni mlo.

#17 Binti_Makorora

Na mafuta yaliyoganda juu ya supu baridi usiyatupe, kaangia kousenband.